Kuboresha shokabu, springi na uthabiti wa Subaru Impreza WRX kwa barabara za Mwanza

Mwenye Impreza WRX jijini Mwanza anamiliki gari lililoundwa ili likate kona kwa uhakika, lakini barabara anazozipita kila siku zina matuta, kingo za lami zilizomeguka, na mchanga ambao mvua huushusha kutoka milimani na kuutandaza barabarani kwenye miteremko ya Isamilo na Bugando. Seti nyingi za vifaa vya kushusha na kukaza gari zilibuniwa kwa lami laini ya Japani na viwanja vyake vya mashindano, na mtu akizifunga hapa bila kufikiri hupata gari linalopendeza likiwa limeegeshwa lakini linaloruka na kupoteza njia pale linapokutana na bonde dogo katikati ya kona. Tairi lisilogusa chini haliwezi kupinda gari wala kulisimamisha. Kwa hiyo kila hatua inayofuata inalenga jambo moja: kuyafanya matairi manne yabaki ardhini muda wote, yakiwa yamebanwa kwa uzito unaokaribiana.

Ninazungumzia Impreza ya kizazi cha pili, iliyotoka Japani kuanzia mwaka 2000 hadi 2007, kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa mikono yangu. Gari hili lina mguu wa aina ya McPherson mbele na nyuma, maana yake shokabu yenyewe ndiyo nguzo inayoshika tairi lisimame wima, na si kifaa kilichopachikwa pembeni kama kwenye magari mengine. Mwenye Toyota Altezza anaweza kuufuata mpangilio huu wa hatua, lakini vipimo vya pembe asivichukue, kwa kuwa mguu wa gari lake umeundwa kwa namna nyingine.

Hatua ya kwanza: rudisha gari katika hali yake

Usinunue chochote kabla ya kukagua. Gari lenye umri wa miaka ishirini limekwisha kuchoka mipira, na hakuna shokabu ya bei yoyote inayoweza kuficha bushi iliyopasuka, yaani mpira wa kiungo cha mguu. Nilipolinunua gari langu, pua ilikuwa inatangatanga kila nilipokanyaga breki kwenye mteremko wa Mkuyuni, na kwa wiki kadhaa nilikuwa nikikusanya fedha za shokabu mpya. Siku nilipolala chini yake na kuingiza bisibisi ndefu kati ya mkono wa chini, ambao mafundi wengi huuita wishboni, na fremu, niliona bushi ya nyuma ya mkono huo ikifunguka kama mdomo. Mpira ulikuwa umeachana kabisa na chuma chake. Bushi mbili mpya ziliondoa tatizo ambalo nilikuwa tayari kulilipia shokabu nne.

Liweke gari mahali tambarare na ukandamize breki ya mkono. Kabla ya kuliinua, pima kwa futi ya chuma umbali kutoka katikati ya kila rimu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, kisha andika namba hizo nne, kwa maana utazihitaji baadaye. Liinue kwa jeki na ulikalishe juu ya stendi za chuma. Jiji letu lina mawe kila kona, na mara nyingi nimeona gari limeegemezwa juu ya jiwe. Jiwe la granaiti huteleza na hupasuka bila kutoa onyo, kwa hiyo usiingie chini ya gari lililokalishwa hivyo hata kwa dakika moja.

Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, tatizo liko kwenye beringi au boljointi. Shika kushoto na kulia, ulitikise tena. Likicheza, kagua tairodi na vichwa vyake. Kagua linki za stabilaiza, yaani fimbo inayoizuia bodi isilale sana kwenye kona, bushi za mikono ya nyuma, hasa ule mrefu unaoelekea mbele ya gari, na topu za shokabu zilizo ndani ya boneti, ambazo zikichoka hutoa mlio wa kugonga unapozungusha usukani gari likiwa limesimama. Badilisha kila kilichochoka, pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Kuna kosa moja ambalo nimelilipia na ambalo nakusihi usimame kando ya fundi kulizuia. Bushi nyingi za gari hili ni mpira ulioshikana na chuma ndani na nje. Hazizunguki, bali hujisokota. Bolti yake ikikazwa gari likiwa juu ya stendi na miguu ikining'inia, bushi hushikwa katika mkao huo, na gari likiteremshwa mpira hubaki umesokotwa masaa yote ishirini na manne, hata likiwa limelala nyumbani. Katika gereji moja walinikazia hivyo, na bushi mpya zilikatika ndani ya miezi minne. Utaratibu sahihi ni kuzifunga bolti hizo kwa kulegea, kuliteremsha gari hadi likae kwa uzito wake kwenye matairi, kulisukumasukuma lijikalie, na ndipo kuzikaza kwa spana ya kipimo kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Kwenye shimo la gereji kazi hii ni rahisi. Pasipo na shimo, pandisha matairi juu ya mbao nene zilizo imara.

Hatua ya pili: matairi

Fedha inayoleta mabadiliko makubwa kuliko nyingine zote ni ya matairi. Tafuta tarakimu nne za mwisho katika maandishi ya DOT ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ambalo limekaa miaka mingi, hata likiwa na meno marefu, mpira wake umekauka na hauumi tena lami, na utaligundua hilo siku ya mvua ya kwanza ya masika, wakati ambapo huna nafasi ya kujifunza. Tazama pia herufi ya ushikaji kwenye maji, ambayo huandikwa AA, A, B au C. Kwa gari lenye tabo usishuke chini ya A.

Kwa kuwa gari hili husukumwa na matairi yote manne, yote lazima yawe ya aina moja, ukubwa mmoja na uchakavu unaolingana. Mzingo wa tairi moja usitofautiane na wa jingine kwa zaidi ya milimita 6 hivi. Zaidi ya hapo difu ya katikati hufanya kazi muda wote, hata kwenye barabara iliyonyooka, na hatimaye huungua. Kununua matairi mawili leo na mawili mwakani ni uchumi unaofaa magari mengine, si hili.

Kuhusu rimu, ningebaki na inchi 16 zenye tairi 205/55, au inchi 17 zenye 215/45 kama ndizo zilizokuja na gari. Rimu za inchi 18 zenye ubavu mwembamba hupinda kwenye mashimo, na uzito wake unaoongezeka upo upande usiobebwa na springi, jambo linaloifanya shokabu ishindwe kulirudisha tairi chini haraka. Upepo ufuate kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva, ambacho kwa kawaida huwa karibu na paundi 32, na upimwe asubuhi kabla gari halijatembea.

Hatua ya tatu: breki

Hapa sitakaa sana. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na sisi tunaishi kando ya ziwa. Mafuta mapya ya DOT 4 huchemka si chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishaingia unyevu kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155, na kanyagio likazama wakati unateremka mlima. Yamwage yote, weka mapya, toa upepo katika magurudumu yote manne, na urudie kila baada ya miaka miwili. Pedi nzuri za barabarani zinatosha. Pedi za mashindano zinahitaji joto ambalo hulipati ukitoka Kirumba kwenda Pasiansi.

Hatua ya nne: springi na shokabu

Hii ndiyo hatua ambayo watu huirukia moja kwa moja, na ndiyo inayoharibika zaidi. Anza kwa kupima ni kiasi gani cha mwendo wa shokabu unachokitumia sasa. Inua kifuniko cha mpira kinachokinga fimbo ya shokabu, funga kijikamba cha plastiki cha kufungia nyaya kuizunguka fimbo hiyo, kisha kiteremshe hadi kikutane na mwili wa shokabu. Endesha njia yako ya kawaida ya wiki nzima, pamoja na matuta yako na abiria wako. Fimbo inapozama husukuma kijikamba juu, na fimbo ikirudi chenyewe hubaki pale pale. Umbali ulioachwa kati ya kijikamba na mpira wa kikomo, yaani ule unaoizuia shokabu isizame zaidi, ndio akiba yako. Mimi nilipokifungua mara ya kwanza nilikikuta kimebanwa hadi kwenye mpira wa kikomo, kimepondeka upande mmoja, ilhali gari lilikuwa kwenye springi zake za kiwandani; hapo ndipo nilipoelewa kwamba kulishusha gari hilo kwa sentimita tano, kama nilivyokuwa nimekusudia, kungekuwa ni kuliendesha juu ya mipira ya kikomo kila siku. Njia hii ya kijikamba haifai kwa shokabu za STI, yaani Impreza kali zaidi ya WRX, zilizogeuzwa juu chini, kwa kuwa fimbo yake haionekani.

Kushusha gari kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwa macho. Bodi ya gari inapolala kwenye kona huzunguka nukta fulani isiyoonekana, na kwenye mguu wa McPherson mahali pa nukta hiyo huamuliwa kwa sehemu kubwa na mteremko wa wishboni. Gari linaposhushwa, wishboni huinuka upande wa tairi, na nukta hiyo hushuka kuliko bodi yenyewe ilivyoshuka. Umbali kati ya nukta hiyo na kitovu cha uzito wa gari huongezeka, nao ndio mkono wa mwenzo unaolilaza gari. Kwa hiyo mtu aliyeshusha sana hujikuta analazimika kuweka springi ngumu mno ili kurudisha alichokipoteza, na springi hizo ngumu ndizo zinazorusha matairi hewani kwenye lami yetu. Ninapendekeza usishushe zaidi ya milimita 20, na kama unapita barabara za udongo mara kwa mara, usishushe kabisa. Colin McRae alipolishinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997, na Richard Burns alipolishinda mwaka 2000, wote wakiwa na Impreza, magari yao yalikuwa yameinuliwa, kwa sababu wahandisi walijua kwamba kwenye barabara mbovu gari lenye nafasi ya kuzama na kurudi ndilo linalofika.

Kukata springi kwa gurudumu la kukatia chuma nakukataza kabisa. Springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikalio chake, joto la kukatia huudhoofisha ule mzunguko wa mwisho, na gari linaporuka springi inaweza kuhama kutoka mahali pake.

Sasa uchaguzi. Kwa gari la barabarani tafuta springi zilizo ngumu kuliko za kiwandani kwa asilimia 20 hadi 30, pamoja na shokabu zilizoundwa kuzimudu. Springi na shokabu ni mke na mume. Springi huubeba uzito na kuurudisha, na shokabu huizuia springi isiendelee kuchezacheza. Springi mpya ngumu juu ya shokabu iliyochoka hutoa gari linalodunda mara tatu au nne baada ya kila tuta. Koilova, yaani seti ya shokabu na springi inayorekebishika urefu kwa nati, zinafaa iwapo utaangalia ugumu wake kwanza. Seti nyingi zinazoletwa kutoka Japani zimeandikwa 7K au 8K, maana yake kilo 7 au 8 kwa kila milimita ya kubanwa, na huo ni ugumu wa kiwanja cha mashindano. Zikiwa na namba hizo, ziache hata kama bei inakuvutia.

Ukinunua shokabu za mtumba, ziweke wima na uibane fimbo hadi chini kwa uzito wako. Inapaswa kuzama kwa mwendo mmoja usio na mikatiko, na ile ya gesi irudi yenyewe taratibu. Ukihisi sehemu tupu katikati, mahali ambapo fimbo inapita bila kuzuiwa, irudishe kwa muuzaji. Pitisha ukucha juu ya fimbo; mkwaruzo unaoukamata ukucha utakata sili ndani ya muda mfupi. Kisha ilinganishe na yako ya zamani: urefu, mahali pa kikalio cha springi, nafasi ya matundu mawili ya bolti za chini, na vishikio vya bomba la breki na waya wa ABS. Impreza za miaka tofauti hufanana kwa nje lakini hutofautiana katika mambo hayo.

Wakati wa kuzifunga, weka alama ya rangi kwenye bolti ya juu kati ya zile mbili zinazoshika shokabu ya mbele kwenye kitovu cha gurudumu, kwa sababu bolti hiyo imeumbwa na shingo isiyo ya katikati na ndiyo inayorekebisha pembe ya tairi. Fungua kishikio cha bomba la breki kabla ya kuteremsha chochote, na usiache kitovu kikining'inia kwa bomba hilo. Springi lazima ibanwe kwa vibana viwili vilivyo mkabala, vikikazwa kwa zamu, na kamwe usisimame mbele ya ncha yake, maana nguvu iliyofichwa humo inaweza kuvunja taya. Weka mipira ya kikomo mipya na vifuniko vipya vya vumbi. Vumbi letu la granaiti ni kali kama msasa. Nati ya juu kabisa ya fimbo usiikaze kwa bunduki ya upepo, kwani huizungusha fimbo na kuharibu sili.

Hatua ya tano: stabilaiza

Gari hili hutoka kiwandani likiwa na tabia ya pua kuikataa kona, yaani unapinda usukani na gari linaendelea kwenda mbele. Dawa ya bei nafuu ni stabilaiza nene zaidi ya nyuma. Ugumu wake hukua kwa kipeo cha nne cha unene, kwa hiyo ya milimita 20 ni ngumu karibu mara mbili ya ile ya milimita 17, ingawa kwa mkono tofauti ni ndogo. Ninaishia hapo kwenye 20. Stabilaiza nene zaidi huvipinda vishikio vya nyuma vya kiwandani na wakati mwingine kuvikata, na kwenye lami yenye maji huufanya mkia utoke ghafla, jambo ambalo dereva wa kawaida hana muda wa kulirekebisha bodaboda ikiwa pembeni yake. Badilisha linki na mipira yake kwa wakati huo huo, na uipake mipira hiyo grisi ya silikoni, si ya petroli.

Hatua ya sita: alaimenti

Usiende kwenye alaimenti, yaani kupima na kurekebisha pembe za matairi, siku ile ile. Liendeshe gari kwa takribani kilomita 200 ili springi na bushi zijikalie, kisha nenda ukiwa na tangi nusu na vitu vyako vya kawaida ndani. Mwambie fundi waziwazi vipimo unavyovitaka, kwa sababu mashine itamwonyesha rangi ya kijani kwa wigo mpana sana, naye ataridhika. Kemba, yaani mlalo wa tairi likitazamwa kutoka mbele, iwe nyuzi 1 hadi 1.5 kuelekea ndani kwenye matairi ya mbele, na tofauti kati ya kushoto na kulia isizidi nyuzi 0.3. Too, yaani uelekeo wa pua za matairi, iwe sifuri mbele. Nyuma iwe kati ya sifuri na milimita 1 kuelekea ndani kwa kila upande. Kemba ya nyuma hairekebishiki kwa vifaa vya kiwandani, lakini too ya nyuma ina bolti yake ya kurekebishia, na fundi asikwambie kwamba nyuma hakuna kazi. Nyuma ndiko kunakoanza, kisha mbele, usukani ukiwa umenyooka na kufungwa. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada, uitunze pamoja na zile namba nne za urefu ulizoziandika mwanzoni.

Hatua ya saba: majaribio

Jaribu kwanza kwa mwendo mdogo. Pita tuta kwa kilomita 20 kwa saa. Gari lizame mara moja, lirudi, litulie. Kisha chukua barabara ya Buhongwa hadi Usagara mapema Jumapili, ukiheshimu kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na usikilize gari kwenye viraka vya lami. Ikiwa shokabu zako zina kirekebisho, anza na ulaini wa mwisho na uongeze kidogo kidogo, mbele na nyuma kwa kupokezana, hadi mdundo wa pili uishe. Hapo simama, hata kama bado umebakiwa na nafasi nyingi za kukaza.

Kabla ya kuondoka chora mistari mitatu ya chaki kutoka ubavuni mwa kila tairi hadi kwenye meno. Ukirudi, tazama chaki imefutika hadi wapi. Ikifutika hadi ubavuni, chini ya ukingo wa meno, ongeza upepo kwa paundi 2. Ikibaki kwenye meno ya pembeni, punguza kwa kiasi hicho hicho. Fungua tena vile vifuniko vya shokabu na uangalie vijikamba. Kama gari, likiwa na watu wanne na mizigo, linabakiza angalau milimita 15 kabla ya mpira wa kikomo baada ya wiki ya matumizi, urefu uliouchagua unafaa; likibakiza chini ya hapo, liinue.

Baada ya kilomita 500 kaza upya kwa spana ya kipimo bolti za chini za shokabu, nati za topu, vishikio vya stabilaiza na nati za rimu, na pima tena zile pande nne kwa futi ya chuma. Upande mmoja ukiwa umeshuka kwa zaidi ya milimita 5 kuliko mwenzake, fungua mguu huo na uangalie kama springi imekaa sawasawa kwenye kikalio chake kabla hujarudi kwenye mashine ya alaimenti.